Nani Aliyekutambulisha?

Utangulizi

Mwaka tuliotimiza miaka kumi na minane, mimi na rafiki yangu tulikwenda pamoja kuomba vitambulisho katika ofisi moja ya serikali pwani ya Kenya. Tulikuwa tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza, tukakaa dawati moja, na asubuhi ile tulipanda matatu moja. Mimi ni Mtaita. Wazazi wangu waliteremka kutoka Wundanyi kufuata kazi bandarini kabla sijazaliwa. Yeye ni mtu wa Mji wa Kale, na kwao wanahesabu vizazi saba vilivyozikwa Mombasa. Karani alisoma jina langu, akaniuliza kwetu ni wapi, akanipaka wino vidoleni. Dakika kumi hazikufika. Alipolisoma jina la rafiki yangu alimtazama usoni, akalisoma tena, kisha akamwambia alete cheti cha kuzaliwa cha baba, cha babu, na barua ya chifu, halafu asubiri siku ambayo kamati ya wazee itakaa kumhoji. Mimi nilikuwa nje namsubiri, nakula mabuyu. Nilidhani amesahau karatasi.

Nilikaa na dhana hiyo miaka mingi. Nilikuwa tayari ni mwalimu wa chuo, nasahihisha insha za wanafunzi kuhusu ubaguzi, nilipong'amua kwamba asubuhi ile mimi ndiye niliyepewa kitu. Sikukiona kwa kuwa kilikuja kwa sura ya kutoulizwa. Mtu aliyeulizwa maswali mengi huyakumbuka. Nani atakumbuka maswali ambayo hakuulizwa?

Taaluma ninayokukaribisha ndani yake inaanzia hapo. Inachunguza jinsi yale tunayohesabiwa kuwa, yaani kabila, dini, rangi, jinsia, ukoo, lafudhi, ulemavu au utimamu wa mwili, yanavyotufungulia au kutufungia milango ambayo sisi wenyewe hatukuijenga. Haina nyumba moja. Utaikuta kwa wanahistoria, wanasheria, wanasaikolojia na wanasosholojia, na kila mmoja atakuambia kwamba ni yake. Usiwasikilize. Ingia kwa mlango ulio karibu nawe.

Neno utambulisho lenyewe ni somo. Linatokana na kutambulisha, kumfanya mtu ajulikane kwa mwingine. Kwa Kiswahili, basi, utambulisho haukai ndani ya mtu kama figo. Unahitaji watu watatu: anayetambulishwa, anayemtambulisha, na yule anayepokea habari na kuamua afungue mlango kiasi gani. Vitabu vingi vya taaluma hii hutumia sura nzima kumshawishi msomaji kwamba utambulisho ni uhusiano baina ya watu. Msemaji wa Kiswahili anayo hoja hiyo tayari kinywani, akipenda kuitazama.

Neno la pili lilinisumbua zaidi. Wanafunzi wangu wengi, wanapotaka kutaja faida anayoipata mtu kwa kuwa wa kundi fulani, huandika upendeleo, nami hulizungushia duara. Upendeleo unataka mpendeleaji: mjomba aliyemwingiza mpwawe kazini, mwalimu aliyempa alama mtoto wa jirani. Karani yule hakunipendelea. Hakunijua. Ungemuuliza angeapa kwamba anafuata utaratibu, na kweli alikuwa anaufuata. Neno ninalolitumia ni nafuu. Mwenye nafuu si lazima awe tajiri wala awe na raha. Amepungukiwa tu na tabu moja aliyo nayo mwenzake. Na kinyume chake nasema kikwazo. Naliepuka neno unyonge, maana unyonge umeshageuka kuwa tabia ya mtu, ilhali kikwazo hukaa njiani, na kilichowekwa njiani kina aliyekiweka.

Wazee walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ningeweza kuitundika methali hiyo juu ya mlango wa taaluma hii, ila wanafunzi huifahamu kwa haraka mno. Huielewa kama lawama: tajiri ana roho mbaya. Mimi naisoma kama maelezo ya jinsi shibe inavyofanya kazi. Shibe haina sauti. Tumbo lililojaa halimkumbushi mwenyewe kwamba limejaa.

Turudi kwenye ile ofisi, kwa sababu kitambulisho kina nasaba yake. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alipaswa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni. Bila saini ya mwajiri kwamba amemwachia, mtu huyo hakuweza kuajiriwa kwingine, na akionekana ametoroka alifungwa. Mzungu hakubeba kipande, wala Mhindi. Mwaka 1947 ilipotungwa sheria mpya ya kuandikisha wanaume wa rangi zote, walowezi walighadhibika: kwa nini wachukuliwe alama za vidole kana kwamba ni wahalifu? Wino ule ule ulikuwa umepakwa kwenye vidole vya Waafrika kwa karibu miaka thelathini. Wanawake waliingizwa katika usajili mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo mama yangu alijulikana serikalini kupitia kwa baba yake, kisha kupitia kwa mumewe.

Sheria ikishasema "mwenyeji", lazima mtu aamue mwenyeji ni nani. Pwani swali hilo lilikuwa la fedha. Aliyehesabiwa mwenyeji alitozwa kodi ya namna yake na kuishi chini ya sheria za namna yake. Asiyekuwa mwenyeji alihesabiwa kwingine. Mwanahistoria Ahmed Idha Salim ameeleza jinsi Thenashara Taifa, yale makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, walivyobishana na serikali kwa miongo kadhaa wasitiwe katika fungu la wenyeji, wawekwe pamoja na Waarabu. Ukitazama juu juu utaona majivuno ya nasaba. Majivuno yalikuwepo, sikatai. Mtu aliyewahi kuitwa mshenzi barazani anajua. Lakini mtu mwenye kodi mkononi anayedai babu wa Arabuni anadai pia risiti nyingine. Ng'ambo ya bahari, katika Unguja na Pemba, sensa ya 1924 ilikuta watu wengi waliojiita Waswahili. Ile ya 1931 ilikuta wachache mno, huku Washirazi na Waarabu wakiwa wameongezeka. Haikuwa tauni. Watu walikuwa wamejiandikisha upya.

Ninapofundisha habari hii, daima yupo mwanafunzi anayecheka na kusema: kumbe utambulisho ni uongo mtupu. La. Fuata ardhi uone. Mwaka 1908 ilitoka sheria ya hati za ardhi kwa ule ukanda wa maili kumi ambao, kwa mkataba wa 1895, Waingereza waliutawala kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar. Mwenye madai ya shamba aje na ushahidi, apewe hati. Waliopata hati walikuwa hasa Waarabu, Waswahili na Wahindi. Wamijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo, na watu waliotoka utumwani, wengi wao hawakuambulia kitu; ardhi ambayo haikuthibitishiwa mwenyewe ikawa ya Taji la Uingereza. Wajukuu wao wanaitwa maskwota mpaka leo, Kilifi na Malindi, juu ya udongo ambao mababu zao wamelala ndani yake. Fungu liliandikwa na karani, lakini mnazi unaoangushwa kwa amri ya mahakama ni mnazi wa kweli.

Hapo ndipo habari ya rafiki yangu inapoingia, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Mwaka 1963 ukanda ule ukaunganishwa na Kenya huru. Nasaba iliyowapa wazee wake nafuu mbele ya Mwingereza iligeuka, mbele ya karani wa jamhuri, kuwa sababu ya kuulizwa: nyinyi hasa ni wa wapi? Babu alipigania kuandikwa "si mwenyeji". Mjukuu akatakiwa athibitishe kwamba ni mwenyeji. Na tusidhani kwamba kikwazo chake kilikuwa nafuu kwa kijana wa Kimijikenda asiye na shamba. Yule alipata kitambulisho bila maswali mengi, akarudi nacho kwenye ardhi isiyo yake. Nafuu haihamishwi kutoka mlango mmoja hadi mwingine kama furushi. Mtu huwa nayo hapa, akavuka barabara akaikosa.

Nami niliikosa. Nilipotafuta chumba cha kupanga Mji wa Kale, karibu na maktaba niliyokuwa nikifanyia utafiti, nilibisha nyumba nne. Zote nne chumba kilikuwa kimechukuliwa jana. Rafiki yangu akabisha ya tano, akasema mgeni wake anahitaji chumba, nikakipata siku hiyo hiyo, na bi mkubwa mwenye nyumba akaniletea mahamri asubuhi. Alinitambulisha, unaona.

Lakini mlango ninaoufikiria zaidi kuliko yote ni wa darasani. Rafiki yangu alikulia ndani ya Kimvita, lahaja ya mshairi Muyaka bin Haji, lahaja iliyokuwa na mashairi ya kukaririwa sokoni wakati kwetu milimani Kiswahili kilikuwa lugha ya kuongea na wageni. Akisema ndia badala ya njia, mato badala ya macho, ndaa badala ya njaa. Mimi Kiswahili nilikipata mitaani na vitabuni. Basi kila muhula daftari lake la insha lilirudi limejaa wino mwekundu: ndia imekatwa, mato yamekatwa, na pembeni mwalimu ameandika "lugha ya nyumbani". Mimi nilipata alama za juu. Mtaita alikuwa akimshinda Mmvita kwa Kiswahili, ndani ya Mombasa, na hakuna aliyeona ajabu, mimi nikiwa wa kwanza.

Mwalimu hakuwa na kosa lake binafsi. Naye alikuwa akifuata utaratibu. Mwaka 1928 mkutano wa serikali za kikoloni za Afrika Mashariki uliamua kwamba msingi wa Kiswahili sanifu uwe Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuusimamia usanifu huo. Mkutano wenyewe ulifanyika Mombasa. Sina haja ya kubisha kama uamuzi ule ulikuwa mzuri. Lugha ya vitabu ilihitajika, nami nakula kwa lugha hiyo. Ninachotaka ukione ni kazi yake. Uamuzi mmoja wa kamati, uliofanywa kabla wazazi wetu hawajazaliwa, ulihamisha ujuzi kutoka kinywa cha nyanya yake hadi kwenye kitabu changu, kisha mtihani ukapima kitabu. Mwanasosholojia wa Kifaransa Pierre Bourdieu alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza jinsi shule inavyochukua desturi za nyumba fulani na kuziita akili. Nilipomsoma mara ya kwanza nililikumbuka daftari lile.

Ukiendelea na masomo haya utakutana na majina mengi ya mbali, na wengine wanastahili safari. Henri Tajfel alizaliwa Poland mwaka 1919 katika familia ya Kiyahudi, akaenda kusoma Ufaransa, vita vilipozuka akajiunga na jeshi la huko na kutekwa na Wajerumani. Alinusurika kwa sababu kwenye daftari za kambi alikuwa mateka Mfaransa. Wangejua kwamba ni Myahudi wa Poland asingetoka. Baadaye, akiwa Bristol, Uingereza, aliwagawa wavulana wa shule makundi mawili kwa sababu isiyo na maana yoyote, kama vile kupenda picha za mchoraji huyu kuliko za yule, kisha akawaambia wagawe fedha. Walilipendelea kundi lao. Na mara nyingi walichagua kundi lao lipate kidogo, mradi tu liwazidi wale wengine, kuliko kila mtu kupata zaidi. Yaliyochapishwa mwaka 1970 na 1971 kuhusu wavulana hao bado yananitisha kuliko vitabu vya vita.

W. E. B. Du Bois, katika kitabu chake cha 1935 kuhusu Marekani baada ya utumwa, alieleza kwa nini kibarua Mzungu maskini hakuungana na kibarua Mweusi maskini: alikuwa akilipwa ujira wa pili usio wa fedha, ujira wa heshima ya rangi. Ukitaka kuuelewa ujira huo, kaa kwenye baraza yoyote ya pwani umsikilize mvuvi asiye na nyavu akijisifu kwamba babu yake hakuwa mtumwa wa mtu.

Utumwa ndio unaonileta kwenye hoja ninayoipenda kuliko zote, ingawa wengi huijua kwa jina la Kimarekani tu. Mwaka 1976 mahakama moja ya Marekani ilisikiliza kesi ya wanawake Weusi watano dhidi ya kampuni ya General Motors. Kampuni haikuwa imewaajiri wanawake Weusi kabla ya 1964, na ilipopunguza wafanyakazi kwa kuanza na wapya, wao ndio waliotoka. Mahakama ikasema: kampuni imeajiri wanawake, basi hakuna ubaguzi wa jinsia. Kuhusu rangi, wakaelekezwa kwenye kesi nyingine, ya Weusi. Wanawake walioajiriwa walikuwa Wazungu, na Weusi walioajiriwa walikuwa wanaume. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliandika kwamba mtu akisimama kwenye njia panda anaweza kugongwa na magari ya njia zote mbili, na sheria inayoangalia njia moja moja haitamwona.

Sasa soma amri ya Zanzibar ya 1897. Chini ya shinikizo la Waingereza, Sultani Hamoud alifuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Mtumwa aliyetaka uhuru wake alikwenda kuudai, na mwenye mtumwa aliweza kulipwa fidia. Masuria hawakuhesabiwa. Suria alikuwa mtumwa, lakini kwa kuwa alilala na bwana na kumzalia watoto, amri ilimchukulia kama mtu wa ndani, karibu na mke. Mke hakuwa, maana haki za mke hakuwa nazo. Mtumwa hakuwa, kwa kadiri amri ilivyohusika. Mlango wake ulifunguliwa mwaka 1909, miaka kumi na miwili baada ya wenzake. Alikuwa kwenye njia panda ile miaka themanini kabla Crenshaw hajaipa jina. Ninapowaambia wanafunzi kwamba taaluma hii si ya kuagizwa kutoka nje, hii ndiyo hati ninayoiweka mezani.

Yapo mabishano, na ni vyema uyajue unapoingia. Wapo wanaosema kwamba habari zote hizi za kabila na jinsia ni pazia, na nyuma ya pazia ni tabaka tu: mwenye mali na asiye nayo. Wana hoja. Mwenye fedha za kutosha hakai foleni ya kitambulisho, awe na jina lolote. Lakini foleni ile ilikuwa na maskini wawili, na hatukutoka sawa. Wapo pia, hasa katika warsha zenye chai na sambusa, wanaoifanya taaluma kuwa mahali pa toba: kila mtu asimame, ataje nafuu zake, aone haya, aketi. Nimekaa katika warsha hizo. Sijaona aliyetoka akaibadilisha fomu hata moja. Haya yako haimpi mwenzako cheti cha babu.

Fomu hubadilika kwa njia nyingine. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walivuka kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, waliishi Kenya vizazi vitatu bila uraia. Mwezi Oktoba 2016 walianza kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona rais, na kabla ya mwaka mpya walikuwa wameanza kupewa vitambulisho. Serikali ikawaita kabila la 43. Wapemba wa pwani ya Kenya walifuata mwaka 2023. Tazama bei ya ushindi wenyewe: ili kutambuliwa kama raia, ilibidi kwanza uwe kabila. Ukinikubalia kwamba jambo hilo ni zuri na ni la kutia wasiwasi kwa wakati mmoja, umeshaanza kufikiri kama watu wa taaluma hii.

Rafiki yangu alipata kitambulisho chake mwaka wa tatu. Jina la babu limekosewa herufi moja, na hajakwenda kulisahihisha, kwa sababu anajua foleni ile.

Kabla hujaenda kwenye vitabu, ndugu msomaji, fungua kabati la nyumbani kwenu. Tafuta vyeti, kipande cha babu kama kipo, risiti za kodi, barua za chifu, hati ya shamba au barua ya kukataliwa hati. Soma kila karatasi ukijiuliza nani aliulizwa nini ili aipate, na nani hakuulizwa. Kisha mwendee nyanya yako angali hai, ukae chini, umuulize nani alimtambulisha kwa nani. Andika kama atakavyosema. Akisema ndia, andika ndia.